Semmelweis: daktari aliyesema kweli akanuniwa

Leo siasa naziweka pembeni kidogo. Nataka niwasimulie habari za daktari mmoja wa zamani sana, na kilichonifanya nimkumbuke ni aibu niliyoipata hapa hapa nyumbani kwetu.

Iko hivi. Dada yangu alijifungua, akaja kupumzika kwa mama. Si mnajua nyumba yenye kichanga inavyokuwa, wageni asubuhi, wageni mchana, wageni jioni. Siku ya nne hivi akaingia shangazi yetu, katoka sokoni moja kwa moja. Kashika samaki, kashika noti, kashika bomba la daladala, halafu huyoo anamfuata mtoto mikono mbele. Mie nikaruka kama askari wa zamu. Nikamwambia mbele ya watu kwamba mikono yake michafu na atamuua mtoto. Jamani, kilichofuata msiniulize. Shangazi alichukua mkoba wake akaondoka hata chai hajagusa. Mama akaninunia siku mbili nzima. Na mbaya zaidi, baada ya hapo hakuna hata mgeni mmoja aliyenawa. Wakawa wanakuja, wananitazama kwa jicho la pembeni, kisha wanambeba mtoto makusudi.

Sasa najiuliza, nilikuwa sahihi au sikuwa sahihi? Nilikuwa sahihi. Lakini usahihi wangu haukumsaidia kitu yule mtoto.

Ndipo nikamkumbuka bwana mmoja anaitwa Ignaz Semmelweis. Mara ya kwanza jina lake nililiona mtandaoni tarehe 20 Machi 2020, kipindi kile korona imeanza kutisha dunia, Google waliweka katuni yake pale juu ya ukurasa wao. Wengi tuliangalia tukapita. Mie nikaanza kumsoma kidogo kidogo, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba yaliyompata yeye na yaliyonipata mie kwa shangazi ni mamoja, ila yake yalikuwa na makaburi ndani yake.

Haya, tuanze mwanzo.

Semmelweis alizaliwa tarehe 1 Julai 1818 mji wa Buda, ambao leo ni sehemu ya Budapest, mji mkuu wa Hungaria. Zama hizo Hungaria ilikuwa chini ya wafalme wa Austria. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa duka la vyakula na viungo, mwenye uwezo wake, na watoto nyumbani walikuwa kumi, yeye akiwa wa tano. Nyumbani walizungumza Kijerumani. Mwaka 1837 akapelekwa Vienna kusomea sheria, lakini mwaka uliofuata akaachana na sheria akahamia udaktari. Alihitimu mwaka 1844, kisha akaingia kwenye fani ya uzazi. Julai 1846 akapata kazi ya usaidizi chini ya Profesa Johann Klein katika hospitali kuu ya Vienna, iliyokuwa miongoni mwa hospitali kubwa kabisa za Ulaya enzi zile.

Hapo sasa ndipo mambo yanapoanza.

Hospitali ile ilikuwa na kliniki mbili za wazazi. Wanawake maskini walizalishwa bure, na wao wakakubali wanafunzi wajifunzie kwao. Kliniki ya kwanza ilikuwa ya wanafunzi wa udaktari, wanaume. Ya pili ilikuwa ya wanafunzi wa ukunga. Zilipokea kwa zamu: leo hii, kesho ile. Kwa hiyo mama hakuchagua, siku uchungu unapomshika ndiyo inayoamua anaangukia wapi.

Na kuangukia kliniki ya kwanza lilikuwa balaa. Kulikuwa na ugonjwa unaitwa homa ya uzazi. Mama anajifungua salama, siku moja mbili tatu baadaye anapanda homa kali, tumbo linavimba na kuuma, anakufa. Wakati mwingine na mtoto anamfuata. Mwaka 1846 kliniki ya kwanza ilizalisha wanawake 4,010 na wakafa 459. Kliniki ya pili mwaka huohuo ilizalisha 3,754 wakafa 105. Piga hesabu mwenyewe: kwa madaktari ni zaidi ya 11 katika kila 100, kwa wakunga hawafiki 3. Hospitali moja, mji mmoja, hewa moja!

Watu mjini walishajua siri hiyo. Wanawake walikuwa wanapiga magoti na kulia wasipelekwe kliniki ya kwanza. Wengine walijifungulia njiani makusudi, kisha wanaingia hospitali wakidai uchungu uliwashika ghafla barabarani, ili mtoto asikose malezi ya bure yaliyotolewa na serikali. Na Semmelweis akagundua kitu cha kushangaza zaidi: hao waliojifungulia njiani, hata wakilazwa kliniki ile ile, ilikuwa nadra kupata homa ya uzazi. Yaani kuzalia barabarani kulikuwa salama kuliko kuzalia mikononi mwa madaktari wasomi. Kijana akakosa raha.

Akaanza kutafuta. Hapa ndipo nilipompenda, maana alifanya kama fundi redio anavyotafuta ubovu, anabadilisha kitu kimoja kimoja. Msongamano? Hapana, kliniki ya pili ndiyo iliyosongamana zaidi kwa sababu kila mtu anaikimbilia. Chakula? Kilekile. Hali ya hewa? Ni jengo jirani, hewa ileile. Wakunga walizalisha mama akilala ubavu, madaktari akilala chali, basi naye akaamuru wazazi walale ubavu. Hakuna kilichobadilika. Hata padri hakuachwa. Padri alipokwenda kumhudumia mgonjwa mahututi alipita katikati ya wodi za kliniki ya kwanza, mtumishi mbele yake anagonga kengele, na wengine walidhani ni hofu ya ile kengele inayoua. Semmelweis akamwomba padri azunguke njia nyingine bila kengele. Akina mama wakaendelea kufa.

Machi 1847 akasafiri kidogo kwenda Venice kutuliza kichwa. Aliporudi akakuta msiba. Rafiki yake Jakob Kolletschka, profesa wa uchunguzi wa maiti, amefariki. Alikuwa anafundisha kwa kupasua maiti, mwanafunzi mmoja akamjeruhi kidole kwa kisu kwa bahati mbaya. Kidonda kidogo tu. Lakini mkono ukavimba, homa ikapanda, akafa. Semmelweis akasoma taarifa ya uchunguzi wa mwili wa rafiki yake, akaona yaliyomo ndani ni yaleyale aliyokuwa akiyaona kila siku kwa akina mama waliokufa kwa homa ya uzazi.

Akili ikafunguka, na pengine moyo ukavunjika saa hiyohiyo. Maana madaktari na wanafunzi wao kila asubuhi walianzia mochwari kupasua maiti, kisha wanakwenda wodini kupima wazazi kwa mikono ileile. Wakunga wao hawakupasua maiti. Kisu kilichomchoma Kolletschka kilimwingizia kitu kutoka kwenye maiti, na kwa akina mama kitu hichohicho kiliingizwa na vidole vya madaktari. Na mmoja wa waliopasua maiti kwa bidii kuliko wote, kwa nia njema kabisa ya kutafuta chanzo cha vifo, alikuwa ni yeye mwenyewe. Baadaye aliandika kwamba Mungu pekee ndiye anayejua idadi ya wanawake aliowapeleka kaburini kabla ya wakati wao. Hebu fikiria kubeba mzigo kama huo una miaka 28!

Tukumbuke kwamba wakati ule hakuna aliyejua habari za bakteria kuleta magonjwa. Wasomi waliamini magonjwa yanaletwa na hewa mbaya. Semmelweis naye hakujua bakteria, alisema ni chembechembe za maiti. Na wala si kwamba madaktari hawakunawa kabisa, walinawa kwa sabuni na maji, lakini mikono ikaendelea kunuka mochwari. Yeye akawaza kwamba kama harufu ipo basi na uchafu upo. Akatafuta kitu cha kuua ile harufu. Katikati ya Mei 1847 akaanza na maji ya klorini, na kwa kuwa yalikuwa ghali akahamia kwenye chokaa yenye klorini, unga wa bei nafuu unaokorogwa kwenye maji. Ndugu yake wa karibu ni ile dawa ya kufulia nguo nyeupe ambayo wengi wetu tunaiita jiki. Beseni, maji, unga. Basi. Kila anayetoka kwenye maiti lazima anawe humo kabla hajamgusa mzazi.

Matokeo haya hapa. Aprili 1847, kabla ya beseni, walijifungua 312 wakafa 57. Juni walijifungua 268 wakafa 6. Julai walijifungua 250 wakafa 3. Watatu tu!

Oktoba mwaka huo akapata somo lingine la uchungu. Kitanda cha kwanza, pale wanapoanzia mzunguko, alilazwa mama mwenye saratani ya kizazi inayotoa usaha. Wakampima, wakanawa kwa sabuni tu, wakaendelea kwa wenzake. Katika wanawake 12 wa zamu ile wakafa 11. Akaelewa kwamba si maiti peke yake, hata mgonjwa aliye hai anaweza kutoa sumu ikahamishwa na mikono. Amri ikabadilika: kunawa kati ya mgonjwa na mgonjwa. Mwaka mzima wa 1848 kliniki ya kwanza ilizalisha 3,556 wakafa 45, na kliniki ya wakunga 3,219 wakafa 43. Tofauti ya miaka yote ile imekwisha. Machi na Agosti mwaka huo hakufa hata mmoja kwa madaktari.

Sasa wewe msomaji utadhani walimbeba juu juu na kumvisha maua. Thubutu!

Hapa lazima nimtendee haki kila upande. Kwanza, wengi walimpinga kwa kiburi, hilo lipo. Kumkubali Semmelweis maana yake ni kukubali kwamba wewe daktari, mwenye koti zuri na cheo, ndiye uliyeua. Wapo waliokubali na ukweli ukawamaliza. Profesa Gustav Michaelis wa mji wa Kiel alikubali, akakumbuka ndugu yake mwenyewe aliyekufa baada ya yeye kumpima, na mwaka 1848 akajiua. Si jambo dogo kuambiwa mikono yako inaua. Mie niliyemtamkia shangazi neno hilohilo mbele ya majirani ndio nimeelewa leo.

Pili, Semmelweis naye alikuwa na makosa yake. Marafiki zake wakubwa, Ferdinand von Hebra, Josef Skoda na Karl von Rokitansky, walimsihi aandike matokeo yake. Hakuandika. Hebra ndiye aliyemwandikia makala mwisho wa 1847 na tena 1848. Watu wa nchi nyingine wakapata habari nusu nusu, wakadhani anasema tu kwamba homa inatoka kwenye maiti, na kwa wale ambao hospitali zao hazipasui maiti ikawa haiwahusu. Yeye mwenyewe alikuja kutoa hotuba kwa chama cha madaktari wa Vienna mwaka 1850, wakati kazi ameshaipoteza. Maana Machi 1849 mkataba wake ulikwisha na Profesa Klein hakutaka kumwongezea. Baadaye akapewa ruhusa ya kufundisha, ila kwa sanamu tu, si kwa wagonjwa. Jamaa akakasirika, akafunga mizigo akaondoka Vienna ghafla bila hata kuwaaga waliompigania. Marafiki wengine hawakumsamehe hilo.

Akarudi kwao Pest. Mwaka 1851 akashika wodi ya wazazi ya hospitali ya Mtakatifu Rochus bila mshahara wa maana. Huko nako akaweka maji yake ya klorini. Katika wazazi 933 wa kuanzia 1851 hadi 1855 walikufa kwa homa ya uzazi 8 tu. Mwaka 1855 akawa profesa wa chuo kikuu cha Pest. Mwaka 1857 akamwoa Maria Weidenhofer, wakajaliwa watoto watano, wawili wa mwanzo wakafariki wakiwa wachanga. Kwa hiyo huyu alijua mwenyewe nyumba yenye kitanda cha mtoto kitupu ikoje.

Kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1861, miaka 14 tangu beseni la kwanza. Kirefu, kimejaa majedwali, na kimejaa ugomvi. Kilipokosolewa akapoteza uvumilivu kabisa. Akaanza kuchapisha barua za wazi kwa maprofesa wakubwa wa Ulaya, akiwataja majina na kuwaita wauaji. Je, walikuwa wanaua? Kwa hesabu zake, ndiyo. Lakini niambieni, profesa mzee anayeitwa muuaji hadharani na mtu mdogo kwake, atakwenda kunawa au atakwenda kutafuta jibu la matusi? Wakatafuta majibu. Beseni likabaki kavu, na wazazi wa Prague, Berlin na hata Vienna kwenyewe wakaendelea kuzikwa.

Kuanzia hapo akili yake ikaanza kuyumba. Mpaka leo wataalamu wanabishana ulikuwa ugonjwa gani. Mwishoni mwa Julai 1865 Hebra, rafiki yuleyule aliyemwandikia makala, akampokea Vienna na kumpeleka kwa hila kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili, akiambiwa wanakwenda kutazama taasisi mpya. Alipoona mtego akataka kutoka. Walinzi wakampiga, wakamfunga kwa fulana ya kufungia vichaa, wakamfungia gizani. Wiki mbili baadaye, tarehe 13 Agosti 1865, akafa akiwa na miaka 47. Kilichomuua ni kidonda cha mkononi kilichooza na kusambaza sumu kwenye damu. Ugonjwa wa jamii ileile aliyopigana nayo maisha yake yote. Waliohudhuria maziko walihesabika.

Na angalia bahati ilivyo na kinyongo. Mwezi huohuo wa Agosti 1865, kule Glasgow, daktari Joseph Lister alianza kutibu vidonda kwa asidi ya kaboliki na kuzuia visioze. Mwaka 1879 Louis Pasteur wa Ufaransa akawaonyesha madaktari wa Paris bakteria wanaosababisha homa ya uzazi, leo wanaitwa streptokoki. Zile chembechembe za Semmelweis zikapata jina. Mwaka 1891 mabaki yake yakarudishwa Budapest. Nyumba aliyozaliwa leo ni jumba la makumbusho ya tiba na kaburi lake lipo hapohapo, na chuo kikuu cha udaktari cha Budapest kinaitwa kwa jina lake tangu 1969. Wamemheshimu sana, ila yeye hayupo.

Haya, tuje nyumbani kwetu sasa, maana habari hii bila beseni la kwetu haina faida.

Mie sio daktari, elimu yangu ni ya fomu foo. Lakini haya yanajulikana na hayahitaji fedha.

La kwanza, lile beseni letu moja la kabla ya kula. Baba ananawa, mjomba ananawa, kaka ananawa, na wewe wa mwisho unanawa uchafu wa wote. Hiyo sio kunawa, ni kugawana. Maji yawe yanatiririka, mtu ashike jagi awamiminie wenzake, na sabuni iwepo.

La pili, kibuyu chirizi. Chukua dumu la lita 3 au 5. Toboa tundu dogo ubavuni kwa msumari wa moto, chini kidogo ya mdomo, kama upana wa kiganja. Toboa na kifuniko, pitisha kamba na uifunge fundo kwa ndani, mwisho wa kamba chini funga kijiti cha kukanyaga. Tundika dumu kwenye mti uliolazwa juu ya nguzo mbili, lijaze maji mpaka karibu na tundu. Ukikanyaga kijiti, dumu linainama, maji yanachirizika, wala hugusi kitu kwa mikono. Ning'iniza na kipande cha sabuni kwa kamba, chini weka kokoto ili maji yasituame.

La tatu, sabuni ikiwa inaibiwa au inaisha haraka, tengeneza maji ya sabuni. Chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu, weka sabuni ya unga ya kufulia kama vijiko viwili vikubwa, jaza maji, tikisa. Toboa kifuniko kwa msumari. Unaminya kidogo tu mkononi, unasugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, gumba na kucha kwa sekunde 20, unasuuza. Chupa moja inatumika mara nyingi sana. Kama sabuni hakuna kabisa, majivu safi ya jikoni yanasaidia kuliko maji matupu, ingawa hayaifikii sabuni.

La nne ni klorini ya Semmelweis mwenyewe. Hii ni ya dharura, mfano kipindupindu kimeingia mtaani na sabuni hakuna. Soma chupa: ikiwa ni asilimia 5, sehemu moja ya dawa kwa sehemu 99 za maji. Ikiwa ni asilimia 3.5, sehemu moja kwa sehemu 69 za maji. Changanya mpya kila siku, funika, weka mbali na watoto, na usiichanganye KAMWE na siki wala dawa ya kusafishia choo, inatoa hewa ya sumu. Isizidishwe, inachubua ngozi. Kwa kila siku sabuni na maji vinatosha. Na wale wanaonawa kwa pombe kali ya dukani, vitakasa mikono vinatakiwa kuwa na kilevi cha asilimia 60 kwenda juu, chupa nyingi za baa hazifiki hapo. Kunyweni tu au muache, lakini msinawie.

Saa za kunawa nazo ni zilezile: ukitoka chooni, ukimsafisha mtoto, kabla ya kupika, kabla ya kula au kulisha, na kabla ya kumbeba kichanga.

Lakini la tano, na hili ndilo nililolipata kwa Semmelweis kwa kukosea kama yeye, ni namna ya kusema. Baada ya siku zile mbili za kununiwa nilitengeneza kibuyu chirizi nikakiweka mlangoni kabisa, kabla ya ngazi. Sikuandika tangazo, sikumkemea mtu. Mama ndiye aliyekuwa anasema, karibu ndani, maji hayo hapo. Na mie nikawa nanawa wa kwanza kila ninapoingia, hata kama nimetoka kunawa dakika tano zilizopita. Wageni wakawa wanakanyaga kijiti, wanacheka, wananawa. Watoto wa jirani ndio usiseme, wanapanga foleni kwa mchezo.

Kisha nikaenda kwa shangazi kuomba radhi. Nilimweleza kwamba mikono yangu mie ni michafu kama ya kwake, na kwamba kosa langu lilikuwa kumfanya aonekane yeye peke yake. Hakujibu kitu, alinipa chai. Jumapili iliyofuata akaja. Akasimama mlangoni, akakitazama kile kidude, akakikanyaga. Akanawa mpaka viwiko. Aliponiona namtazama akaniuliza sabuni ya unga naweka vijiko vingapi, anataka na yeye akaweke kwake.

Sisemi kwamba ndio tumeokoa maisha ya mtu. Mtoto yuko salama, anakua, hayo ni ya Mungu. Ninachosema ni kwamba Semmelweis alikuwa na dawa mkononi mwaka 1847, na zaidi ya miaka 20 ikapotea hospitali nyingi za Ulaya zikibishana badala ya kunawa. Sehemu ya miaka hiyo iliibwa na kiburi cha wakubwa, na sehemu nyingine iliibwa na ulimi wake. Ukweli ukiwa nao, uwekee maji na sabuni mlangoni, kisha mkaribishe mtu kwa heshima.

Naomba kuwasilisha. Wale wenye namna nyingine ya kutengeneza kibuyu chirizi, hasa sehemu zenye shida ya maji, mwageni maujuzi hapo chini kwenye maoni. Na kama kuna muuguzi au mkunga anayepita hapa, nikikosea nirekebishe, ila kwa upole jamani, nimeshasema.